Fuwele na nyuzi 24: shajara ya mradi wa chumvi ya Rochelle

9 Machi, Tanga

Mjomba ana redio ya santuri aliyorithi kwa baba yake. Sahani inazunguka, taa ya mbele inawaka, stesheni zinashika, lakini sindano ikiwekwa juu ya santuri husikii kitu ila mkwaruzo wa sindano yenyewe. Mafundi wawili wamebadilisha nyaya na kapasita, hali ni ileile. Leo nimefungua kile kichwa kidogo kinachoshika sindano. Nimekata gundi kwa wembe, nikakuta ndani uji mweupe uliokauka, mfano wa sukari iliyolowa ikaachwa juani. Nyaya mbili nyembamba zilikuwa zimebaki wima, hazijashika chochote.

Uji ule zamani ulikuwa fuwele ya chumvi ya Rochelle. Chumvi hii ilitengenezwa kwanza La Rochelle, Ufaransa, karne ya 17, na familia ya Seignette, ikauzwa kama dawa ya kulainisha tumbo. Mwaka 1880 ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua mjini Paris kwamba fuwele za aina fulani zikigandamizwa hutoa umeme. Chumvi hii ilikuwamo kwenye orodha yao, pamoja na kwatsi, tumalini na hata fuwele za sukari ya miwa, hii hii tunayotia kwenye chai. Mwaka uliofuata Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba lazima iwe hivyo na kinyume chake, yaani ukiipa fuwele volti itajinyoosha au kujikunja. Akina Curie wakapima, ikawa kweli. Tabia hiyo ndiyo piezoelektriki.

Miaka ya 1930 kampuni ya Brush ya Cleveland, Marekani, ilikuza chumvi ya Rochelle kwa wingi, ikaingia kwenye maikrofoni, visikilizio na vichwa vya sindano za santuri. Ilikuwa rahisi, na ilitoa volti nyingi kuliko fuwele nyingine za wakati ule. Udhaifu wake ni maji. Kila molekuli ya chumvi imeshikana na molekuli nne za maji. Hewa ikikauka mno maji hayo yanatoka na fuwele inabaki unga. Hewa ikilowa mno fuwele inajiyeyukia. Kwa masika ya Tanga sishangai kuukuta ule uji.

Nina kazi mbili. Ya kwanza ni kukuza fuwele mpya na kumrudishia mjomba sauti ya santuri yake. Ya pili ni kiu yangu mwenyewe ya miaka mingi. Chumvi hii ndiyo kitu cha kwanza duniani kuonekana kina feroelektriki. Aliyeiona ni Joseph Valasek wa Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1920. Fuwele yenye tabia hiyo ina upande chanya na upande hasi bila kubanwa na mtu, na ukiipa volti za kutosha pande hizo zinageuzana, kisha zinabaki zimegeuka hata ukiondoa umeme. Ni kama sumaku, ila kwa umeme. Jina limetokana na chuma kwa ajili ya mfanano huo tu. Ndani ya chumvi hii hamna chuma hata chembe. Nimeisoma vitabuni tangu sekondari na sijawahi kuiona.

14 Machi

Nimepika. Ule unga mchachu mweupe wanaotumia waoka keki ni potasiamu baitatreti. Ukikutana na sodiamu kaboneti kwenye maji ya moto unatoa povu la kaboni dayoksaidi, na kinachobaki kwenye maji ndiyo chumvi ya Rochelle. Kwa hesabu, gramu 200 za unga zinataka gramu 56 za kaboneti, na zikiitikia zote zinatoa gramu 300 za chumvi.

Sodiamu kaboneti nimeipata kwa kukaanga soda ya kuokea kwenye sufuria kavu, nikiikoroga zaidi ya saa nzima. Gramu 100 zilizoingia zimetoka 64. Hesabu inasema 63, kwa hiyo imekaribia kuiva yote. Mwanzoni nilifikiri kutumia magadi, yale mawe ya kulainishia maharage. Magadi ya Ziwa Natron ni jamaa wa karibu kabisa wa kaboneti hii na yakipashwa moto yanageuka kuwa hiyo hiyo. Ila yana chumvi nyingine na floraidi, na fuwele haipendi wageni. Magadi nimeyaacha jikoni.

Nimetia kaboneti kijiko baada ya kijiko, nikingoja povu litulie. Kijiko cha mwisho hakikutoa povu. Maji yamekuwa na rangi ya chai hafifu. Nimeyachuja mara mbili kwa kitambaa na mara moja kwa karatasi.

2 Aprili

Siku kumi na tisa zimepita na mikononi nina fuwele tatu tu zinazofaa.

Chumvi hii inayeyuka kwa kutegemea joto kupita kiasi. Mililita 100 za maji ya nyuzi sifuri zinabeba gramu 26, na zikifika nyuzi 26 zinabeba gramu 66. Ndiyo maana inakua vizuri maji yakipoa polepole. Lakini ni hivyo hivyo inavyoharibika: usiku fuwele inanenepa, saa saba mchana joto likipanda inaliwa tena. Wiki ya kwanza kila jioni nilikuta kingo zimekuwa mviringo kama pipi iliyonyonywa. Kungoja maji yakauke yenyewe nako hakukusaidia, maana mvua za masika zimeanza na hewa haina nafasi ya kubeba maji zaidi.

Kilichosaidia ni mtungi. Nimezamisha chupa ya mchanganyiko ndani ya mtungi wa maji ya kunywa, nikaufunika kwa sahani, nikauweka chini ya kitanda ambako jua halifiki. Maji mengi hayapandi joto haraka. Fuwele mama, zile ndogo za kuanzia, nimezifunga kwa mshipi wa kuvulia, ule mwembamba kabisa wa nailoni, zikaning'inia katikati ya chupa. Baada ya hapo sikugusa kitu kwa siku nane.

Kubwa kuliko zote ina urefu wa sentimita 6. Ni safi kama kioo, ina pande nyingi zilizonyooka, na ukiishika inakuwa baridi kidogo kwenye kiganja. Niliiweka juu ya gazeti nikasoma herufi kupitia ndani yake. Nimekaa nayo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

21 Aprili

Fuwele hii haikatwi kwa msumeno, inapasuka. Inakatwa kwa uzi uliolowa. Nimefunga uzi wa pamba kwenye upinde wa waya, nikaulowesha, nikauvuta huku na huku juu ya fuwele bila kukandamiza. Uzi unayeyusha njia yake. Kukata mara moja kumechukua dakika arobaini, na uso uliobaki ni laini kama sabuni. Nimeukausha papo hapo kwa kitambaa.

Kibao cha kwanza nimekiweka kati ya karatasi mbili za alumini, nikaunganisha multimita, nikakiminya kwa kidole gumba. Sifuri. Nikakigonga kwa mpini wa bisibisi. Sifuri. Nilidhani nimepika kitu kingine kabisa.

Kosa lilikuwa langu la jiometri. Fuwele ina mihimili mitatu. Urefu wa fuwele ni mhimili wa tatu, na ule ambao umeme unatokea nimeuita wa kwanza, kama vitabu vinavyofanya. Nilikuwa nimekata sawasawa na mihimili, na muundo wa chumvi hii hauitikii msukumo ulionyooka na mihimili yake. Unaitikia msukumo wa mshazari, kama kuisukuma pakiti ya karatasi upande wa juu kwenda kushoto na upande wa chini kwenda kulia. Kwa hiyo kibao cha kugandamiza lazima kikatwe kwa pembe ya nyuzi 45 kati ya mhimili wa pili na wa tatu, umeme uchukuliwe kwenye nyuso za mhimili wa kwanza.

Nimekata upya kwa pembe hiyo. Nimefunga taa ndogo ya neoni, ile ya ndani ya kipima umeme cha bisibisi, ambayo huhitaji zaidi ya volti 60 ili iwake. Nimezima taa ya chumba na kukigonga kibao kwa kijiti cha mbao. Cheche ya rangi ya chungwa. Nikagonga tena, ikawaka tena. Mwanangu wa kwanza alikuwa mlangoni, akauliza, "Baba, betri iko wapi?" Nikampa kijiti agonge mwenyewe.

5 Mei

Sasa zamu ya kazi ya pili. Nimekata kibao cha mraba, milimita 20 kwa 20, unene milimita 3, kikiwa na nyuso zinazotazama mhimili wa kwanza. Kikitiwa metali pande zote mbili kinakuwa kapasita, yaani ghala dogo la chaji, na ukubwa wa kapasita hiyo ndio unaosema ndani mna nini.

Karatasi ya alumini iliyobanwa kwa kibanio cha nguo imetoa pikofaradi 90 (ndicho kipimo cha ukubwa huo). Ni ndogo mno. Hewa kidogo tu kati ya alumini na fuwele inatosha kuficha kila kitu. Gundi za maji haziwezekani, zinakula uso. Nimesaga risasi ya penseli laini ikawa unga (ni grafiti, wala si risasi), nikaichanganya na rangi ya kucha isiyo na rangi, nikapaka tabaka tatu. Ikikauka inapitisha umeme vizuri. Kibao kilekile sasa kinasoma pikofaradi 340, chumbani kukiwa na nyuzi 31.

Kisha nimeazima osiloskopu, mashine inayochora umeme kwa nukta kwenye kioo, na kujaribu kuona kitanzi cha Valasek. Saketi ni ile ya Sawyer na Tower ya mwaka 1930, waliyoitumia kwa chumvi hii hii: fuwele na kapasita kubwa kwa mfululizo, volti za fuwele zinasukuma nukta kushoto na kulia, chaji ya kapasita inaisukuma juu na chini. Fuwele ya kawaida inachora mstari. Feroelektriki inachora kitanzi, maana inakumbuka ilikotoka.

Nimepata mstari. Umeinama, umepinda kidogo kwenye ncha, lakini ni mstari. Nimebadilisha kapasita, nimeongeza volti, nimepaka grafiti upya. Mstari. Nimelala na hasira.

11 Mei

Nimeamka nikiwa nimelipata jibu, na lilikuwa mbele yangu muda wote. Chumvi ya Rochelle ina feroelektriki kati ya nyuzi 18 chini ya sifuri na nyuzi 24 juu yake, basi. Vitabu vinasema inafanya kazi "katika joto la chumbani." La chumba cha nani? Tanga mwezi wa tano, chumba changu hakijashuka chini ya 27 hata alfajiri. Nimeipima fuwele ikiwa nje ya mpaka wake siku zote.

Nimekwenda soko la samaki asubuhi, nikanunua barafu ya kilo tano, nikaitia kwenye kisanduku cha kuhifadhia samaki. Kuweka fuwele moja kwa moja kwenye baridi ni kuiua, kwa sababu unyevu wa hewa unaganda juu yake kama jasho la chupa ya soda. Nimeizamisha kwenye gilasi ya mafuta ya alizeti. Chumvi hii haiyeyuki kwenye mafuta, mafuta hayapitishi umeme, na joto linasambaa taratibu. Gilasi nimeisimamisha kwenye barafu, nikatumbukiza kipimajoto kando ya kibao, nikakaa kwenye kigoda na daftari.

Nyuzi 31, pikofaradi 340. Nyuzi 28, 560. Nyuzi 26, zimefika 1,000 na namba zinapanda huku nikiziangalia. Nyuzi 25, 1,700. Kwenye 24 na nusu multimita imesoma nanofaradi 2.6, yaani pikofaradi 2,600, karibu mara nane ya mwanzo. Nikashusha pumzi. Kisha, joto likiendelea kushuka, namba zimegeuka. Nyuzi 20, pikofaradi 600. Nyuzi 10, 260.

Nimechora mchoro kwa penseli. Unafanana na mlima wenye kilele kimoja chembamba, na kilele kiko palepale vitabu vilipokiweka.

Maelezo yake nayapenda sana, na ningependa kila mwanafunzi wa fizikia ayasikie. Ndani ya fuwele mna makundi mawili ya molekuli, kila kundi lina upande wake wa chanya, na yanatazamana kinyume, kama timu mbili za kuvuta kamba. Juu ya nyuzi 24 timu zinalingana, kamba haiendi popote, kwa nje fuwele haina upande. Ikishuka chini ya 24 timu moja inaizidi nyingine na fuwele nzima inaegemea upande mmoja. Ikishuka chini ya 18 hasi, nguvu zinasawazika tena. Vitu vingi vya feroelektriki vina mpaka mmoja wa joto, uitwao joto la Curie. Chumvi hii ina miwili. Na pale mpakani hasa, timu zikiwa karibu kushindana lakini bado, msukumo mdogo tu kutoka nje unahamisha chaji nyingi. Ndiyo sababu kapasita inapaa pale.

12 Mei

Nimevunja fuwele. Niliitoa kwenye mafuta baridi nikaiweka mezani bila kungoja, ikalia "tik" na ufa ukapita katikati. Kilele cha jana kilipimwa kwa kibao ambacho hakipo tena. Kuanzia sasa gilasi inakaa ndani ya kisanduku mpaka barafu iyeyuke yenyewe, hata kama ni usiku kucha.

1 Juni

Kibao kipya, unene uleule, na saketi nimeijenga upya. Mlio wa hezi 50 unatoka kwenye simu, unaingia amplifaya ya redio ya gari, halafu unapita transfoma iliyogeuzwa, kwa hiyo badala ya kushusha volti inazipandisha. Kwenye kilele napata volti 110. Zinatosha kuumiza, kwa hiyo kila kitu kimefunikwa na ubao na mkono wangu mmoja unakaa mfukoni. Kapasita ya kukusanyia chaji ni ya maikrofaradi moja.

Nimeanza na nyuzi 29. Mstari uleule wa mwezi uliopita, umepinda ncha kama herufi ya S iliyonyoshwa. Nimeanza kuongeza barafu.

Nyuzi 26, mstari umesimama zaidi. Nyuzi 24, umesimama karibu wima katikati. Nyuzi 23, sikuwa na hakika. Nilisogeza uso karibu na kioo. Mstari ulikuwa mnene, nikafikiri ni ukungu wa macho, nikayafikicha. Nyuzi 22, unene umefunguka. Ndani ya mstari kumetokea nafasi nyeusi, nyembamba kama jicho la mtu anayeamka. Nyuzi 20, jicho limefunguka. Nyuzi 15, kitanzi kamili: nukta inapanda upande wa kulia, inatambaa juu, inakataa kushuka volti zinapopungua, inafika sifuri ikiwa bado juu, inangoja mpaka volti zigeuke na kuzidi kiasi fulani, kisha inaanguka ghafla kwenda chini na kurudia hivyo hivyo upande wa pili.

Pale inapokataa kushuka ndipo penye jambo lote. Volti ni sifuri na fuwele bado imeegemea upande ilioelekezwa. Imekumbuka. Kumbukumbu za kompyuta za feroelektriki zimejengwa juu ya ukaidi huu: upande mmoja ni 0, wa pili ni 1, ukizima umeme hakipotei kitu. Tangu mwaka 2011, ilipotangazwa kwamba tabaka jembamba la hafni oksaidi linaweza kuwa na tabia hii, watengenezaji wa chipu wameshughulika nayo kweli kweli, kwa sababu hafni oksaidi ilikuwa tayari ndani ya viwanda vyao. Kitu kilichoanza kwa dawa ya tumbo.

Nimemwita jirani, mwalimu mstaafu wa hesabu. Amekaa mbele ya kioo bila kusema, halafu akaniambia, "Mwanangu, acha ipate joto tena." Tumeondoa barafu. Kitanzi kimebanana polepole, jicho limefumba, ukabaki mstari. Akasema, "Sasa iamshe." Tumerudia mara tatu mpaka barafu ikaisha.

15 Juni

Leo si siku ya Rochelle. Nimetenganisha vipaza mlio vilivyotoka kwenye majiko ya mikrowevu na saa za ukutani zilizokufa: sahani ya shaba nyeupe ya milimita 27 yenye tabaka la kauri juu yake. Ukigusa kauri kwa kidole, osiloskopu inaruka volti kadhaa. Unyevu hauidhuru, nyuzi 31 haizitambui, na ukiiangusha sakafuni inaendelea kufanya kazi. Kauri hii ni mchanganyiko wa risasi, zirkoni na titani, uliotokana na utafiti wa Japani na Marekani miaka ya mwanzo ya 1950. Ndiyo iliyoiondoa Rochelle sokoni, baada ya bariamu titaneti kufungua njia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mashine ya kumpimia mama mjamzito inamwona mtoto kwa kauri za ukoo huu.

Nimeharibu moja kwa pasi ya kulehemu. Niliishikilia mno, na sahani ikabaki bubu. Nayo ina joto lake la Curie, ila liko mbali juu. Mimi ndiye niliyelifikisha. Ikivuka hapo chembe zake zinasahau zilikoelekezwa kiwandani, na ikipoa hazirudi kwenye mstari zenyewe.

Neno lililonikalia rohoni ni risasi. Zaidi ya nusu ya uzito wa kauri hiyo ni risasi. Ikiwa nzima haidhuru mtu, lakini vijana wanaochambua taka za umeme wanazisaga na kuzichoma. Mombasa si mbali na hapa, na watu wa Owino Uhuru, mtaa wa huko, wanajua risasi ya betri za magari ilivyowafanyia watoto wao. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa hiyo wanafunzi wanaokuja kwangu Jumamosi hawaruhusiwi kupiga tupa sahani hizi wala kuzivunja. Naufuatilia kwa hamu utafiti wa kauri zisizo na risasi. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2004 kwamba kauri ya potasiamu, sodiamu na niobi, ikipangwa chembe zake vizuri, inaweza kufika nguvu za zile zenye risasi. Tangu hapo kazi imekwenda mbele, ingawa bei na ugumu wa kuichoma tanuruni bado ni mzigo.

13 Julai, Lushoto

Nimealikwa kuonyesha fuwele kwa wanafunzi wa huku, nami nimelichukua hilo kama nafasi ya kupima bila barafu. Kibao ndani ya chupa ya mafuta, chupa ndani ya kikapu, multimita mapajani, nimepanda basi Tanga saa kumi na mbili asubuhi.

Muheza, nyuzi 26, pikofaradi 950. Korogwe jua limetoka, nyuzi 28, zimeshuka mpaka 550. Mombo tumeshuka kunywa chai, nyuzi 29. Hapo basi dogo la milimani likaanza kupanda kona zile, na upepo wa Usambara ukaingia dirishani. Mama aliyekaa pembeni yangu na kapu la kabichi tupu akauliza, "Hicho kidude kinahesabu nini, kaka?" Nikamwambia kinahesabu baridi. Akakiangalia pamoja nami. Mafuta yanachelewa kupoa, kwa hiyo namba zilipanda kwa uvivu: 600, 700, 900. Tulipokaribia Soni zikavuka 1,500, zikafika 2,400, zikasimama hapo kona kadhaa, halafu zikaanza kurudi nyuma. "Mbona zimegeuka na baridi inazidi?" akauliza. Lilikuwa swali lenyewe, na nilijitahidi kumjibu kwa mfano wa kuvuta kamba mpaka tukafika stendi.

Lushoto, mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, darasani nyuzi 17. Kitanzi kimetokea papo hapo, pana, bila kipande cha barafu. Kibao kilekile, saketi ileile iliyonipa mstari mtupu chumbani kwangu. Wanafunzi wakapokezana kukishika kibao kiganjani ndani ya mfuko wa plastiki ili kukipasha joto, na kuona kitanzi kikifumba kwa joto la mkono wao.

3 Agosti

Kichwa cha santuri. Nimekata vibao viwili vya milimita 15 kwa 8, nikavisugua kwa kitambaa chenye unyevu mpaka vikawa na unene wa milimita moja. Vimegundishwa mgongo kwa mgongo kwa epoksi, kimoja kikiwa kimegeuzwa, ili sindano ikivisokota kimoja kitake kurefuka na mwenzake kufupika, chaji zao zijumlishwe. Grafiti na rangi ya kucha kama kawaida. Vitatu vimevunjika kabla ya hiki.

Jaribio la kwanza niliunganisha kwenye amplifaya ndogo ya simu, ikatoa sauti ya nzi kwenye kopo. Kichwa ni kapasita ya takriban nanofaradi moja, na amplifaya ile ina ukinzani wa kiloomu 10 mlangoni. Kwa hesabu, sauti zote chini ya hezi 16,000 zinakatwa. Redio ya mjomba ni ya valvu, mlango wake una megaomu moja, yaani kiloomu 1,000, mkato unashuka mpaka hezi 160. Waliotengeneza redio hizi walijua wanachofanya.

Nimekizamisha kichwa kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwa joto dogo kabisa, mara moja na kukitoa, maana chumvi hii ikikaribia nyuzi 55 inaanza kuharibika.

Jana jioni nilikipeleka. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, umekuja na mgonjwa wangu?" Akaichagua santuri mwenyewe, ya taarabu, akaifuta kwa kiganja. Ilianza mikwaruzo, halafu fidla, halafu sauti ya mwanamke. Besi ni chache na herufi za "s" zinachoma masikio. Mjomba aliisikiliza upande wote wa kwanza akiwa amesimama, akaigeuza, akasikiliza wa pili.

Kimebaki kipimo cha unyevu. Nimetengeneza vichwa viwili zaidi, kimoja kina nta na kingine hakina, nimevining'iniza jikoni karibu na dirisha vikae hapo mpaka mvua za vuli ziishe. Leo asubuhi, nyuzi 27, chenye nta kimesoma pikofaradi 810 na kisicho na nta 795. Nitavipima kila Ijumaa.